Daftari la Sukari la Shangazi Zipora

Chibelela, Bahi
10 Juni 2024

Mwanangu Evelina,

Mbukwenyi! Hujambo huko chuoni? Unakula? Sisi hatujambo. Baba yako amevuna uwele mzuri, na tangu hapo hatuna raha: kila mgeni lazima apelekwe ghalani akaone.

Barua yako nimeipokea kwa Khamisi kondakta. Nimeirudisha humu ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mwaka wa nne wa udaktari na bado unaandika "nita kuja" maneno mawili! Nimekupa saba kwa kumi, na moja kati ya hizo saba ni ya huruma. Na usiniambie tena nitumie simu. Simu ni ya kuambiana nani amefariki. Mambo ya maana yanaandikwa.

Umeniomba daftari langu la sukari, nimekuwekea. Tangu nigundulike na kisukari mwaka juzi napima kila siku jua likizama, na ninajipa alama kama nilivyokuwa nikiwapa wanafunzi. Chini ya saba ni A. Utaona mwenyewe kwamba A hamna. Ugali nimeacha, chai bila sukari, vidonge nameza kwa saa, na bado nakonda mpaka sketi ya kanisani naifunga kwa pini. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mmoja, sijawahi kuona mwanafunzi anayejitahidi hivi akapata F.

Lakini nina habari njema! Kikundi chetu cha muheme, ngoma yetu ya wanawake wa Kigogo, kimealikwa Ihumwa tarehe 14 Septemba, kwenye tamasha la ngoma. Vikundi tisa! Jumamosi iliyopita tulifanya mazoezi, ngoma ikanipanda mpaka wanawake wakasimama kunipigia vigelegele. Mikono ilitetemeka, jasho likatiririka, sikujua niko wapi. Restuta, anayepiga ngoma ya kushoto kwangu, anasema hajawahi kuona mpigaji kama mimi toka azaliwe. Na Restuta si mtu wa kusifu.

Shangazi yako aliyekulea,
Zipora


Dodoma
19 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mzima. Mimi mzima, ila tangu juzi sijatulia hata kidogo. Nimesoma daftari lako mara nne!

Shangazi, umeona ulichokiandika? Jumatatu 9.8. Jumanne 10.1. Jumatano 16.4. Alhamisi 10.3. Jumamosi 17.9. Nikafungua ukurasa mwingine, vilevile. Nikarudi mpaka mwaka jana mwezi wa Machi. Jumatano na Jumamosi unajipa F, wiki baada ya wiki. Halafu nikafika Kwaresima, kikundi kilipopumzika kupiga. Wiki sita hakuna F hata moja!

Jumatano na Jumamosi ndizo siku zenu za mazoezi ya ngoma. Mtu mwenye kisukari cha kawaida akitoa jasho saa nzima, aghalabu sukari inashuka, kwa sababu misuli inaila. Yako inapaa. Nilipiga ukelele maktabani, nikatolewa nje.

Sasa naomba unijibu kama mwalimu, bila kupunguza neno. Ngoma inapokupanda, moyo unakwenda mbio? Kichwa kinauma? Uso unapauka? Inakaa muda gani? Na je, imewahi kukupanda siku ambayo hukuwa na ngoma?

Mwanao,
Evelina


Chibelela
27 Juni 2024

Evelina,

Hujambo. Sisi tupo.

Nani amekuambia? Kama ni baba yako, mwambie nitamkuta. Kama ni Restuta, ndiyo maana leo hakunitazama machoni.

Haya, mwalimu hasemi uongo. Moyo unakwenda mbio mpaka nausikia masikioni. Kichwa kinagonga hapa nyuma. Restuta anasema nakuwa mweupe kama nimepakwa unga. Dakika kumi, robo saa, basi, inapita, nabaki nimelowa. Ilianza miaka minne iliyopita. Na ndiyo, imewahi kunipanda bila ngoma: nilipoinama kuchota maji pipani, na mara moja kanisani nilipopiga magoti. Mchungaji alidhani ni Roho.

Sasa na wewe nisikilize. Kabla ya miaka hiyo minne nilikuwa mpigaji wa kawaida kabisa. Wanawake saba tumeinama na ngoma zetu mapajani, na hakuna aliyekuwa anamtazama Zipora. Tangu ngoma ianze kunipanda, watu wanatoka Bahi Sokoni kuja kuniangalia mimi. Sikuolewa, sikuzaa, nimestaafu, chaki nimeweka chini. Kitu hiki ndicho nilichopewa. Usiniletee vitabu vyako ukaniondolea.

Tena barua yako nimekupa nane. Umeanza kujitahidi.

Shangazi Zipora


Dodoma
3 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, na ninapiga goti kabisa nikiiandika.

Hakuna aliyesema. Ni daftari lako lililosema! Nimempelekea mwalimu wangu, Dk. Munir. Alivua miwani, akaivaa, akaniuliza, "Huyu mgonjwa ni nani, mtafiti?" Nikamwambia ni mwalimu wa shule ya msingi. Akasema afadhali wagonjwa wote wangekuwa walimu wa shule ya msingi.

Sikiliza tunachofikiria. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hiyo inatoa adrenalini, ile inayokurusha nyuma ukikanyaga nyoka. Adrenalini inaliambia ini: mwaga sukari, mwenye mwili anataka kukimbia! Na inakwenda kwa kongosho pia. Kongosho lina watoto wawili: insulini anayeshusha sukari, na glukagoni anayeipandisha. Adrenalini inamfungia insulini ndani, inamfungulia glukagoni mlango. Kwa dakika tano za nyoka, mambo hayo ni mazuri sana.

Sasa fikiria kwenye tezi moja kumeota uvimbe unaomwaga adrenalini bila nyoka yeyote. Ukiinama na kuibana ngoma mapajani, tumbo linajikunja na uvimbe unabanwa. Moyo unakimbia, jasho, presha juu, sukari juu. Shangazi, inawezekana kongosho lako halina ugonjwa wowote. Limezibwa mdomo tu! Na likizibuliwa, kisukari kinaweza kuondoka. Kuondoka, Shangazi! Naandika huku mkono unatetemeka, na mimi sina uvimbe.

Usiwaambie watu wa Chibelela waache dawa zao. Wengi wenye kisukari hawana kitu hiki, ni wachache mno. Lakini wewe lazima tukupime. Khamisi anakuletea kidumu cha mkojo chenye dawa ndani, usiimwage. Unakusanya mkojo wote wa saa ishirini na nne, unakiweka penye baridi, unakileta. Mimi nitakuwa Kolo kwa mafunzo ya vijijini, Dk. Munir atakupokea. Na tafadhali, ngoma usiiguse kwanza.

Mwanao,
Evelina


Chibelela
20 Julai 2024

Evelina,

Hujambo huko Kolo? Umeenda kuona michoro ya miambani au unachanja watoto tu?

Kidumu kimefika hospitalini. Lakini mimi na wewe tuna kesi. Nimeingia kwenye basi nimevaa gauni la Umoja wa Wanawake, nimekipakata kidumu kwenye ndoo ya maji baridi, nimekifunika kitenge. Khamisi akanitazama, akakitazama. Akauliza kwa sauti, basi zima linasikia, "Mwalimu, leo unatupelekea pombe ya wanzuki mjini?" Nikamwambia ni mali ya hospitali. Mzee mmoja nyuma akasema basi wamwonjeshe, yeye ni mgonjwa. Nilicheka mpaka ngoma ikanipanda palepale kwenye kiti! Ndiyo, nacheka naandika, lakini ilinipanda kweli, na haikuwa na utamu wowote. Nimeiandika daftarini: kucheka, Alhamisi, 15.2.

Dk. Munir ni kijana mwenye adabu. Ameniamkia kwanza kabla ya kunipima. Presha ilikuwa 128 nikiwa nimekaa. Akaniambia niiname kama ninavyoinama kwenye ngoma, polepole. Ikafika 210. Alininyanyua haraka kama nimeshika moto.

Barua yako ya mwisho tisa. Uliandika vizuri habari za kongosho. Nimeisoma kwa baba yako, sasa anawaambia watu ghalani kwamba dada yake amezibwa mdomo. Wanamuuliza kwa nini hawasikii tofauti.

Shangazi Zipora


Dodoma
9 Agosti 2024

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo! Majibu yametoka. Ni kweli! Mabaki ya adrenalini kwenye mkojo wako ni mara tisa ya kiwango cha juu cha mtu mwenye afya. Mara tisa! Dk. Munir ameniita mbele ya darasa zima, akaniambia nisome kwa sauti, nikashindwa kusoma, nikalia, akasoma yeye.

Uje haraka. Tunapiga picha ya tumbo tuone uvimbe uko upande gani. Kisha unakula dawa ya kutuliza mishipa kwa wiki mbili au zaidi, unakunywa maji mengi na chumvi ya kutosha, halafu upasuaji. Bila hiyo dawa kwanza hupasuliwi, presha inaweza kupasua mishipa mezani. Kwa hiyo kila siku unayochelewa ni siku tunayoipoteza.

Njoo Jumatatu. Nimeshakutandikia kitanda.

Mwanao,
Evelina


Chibelela
18 Agosti 2024

Evelina,

Salamu. Majibu nimeyaona. Umefanya kazi nzuri, nakupa kumi.

Sitakuja kabla ya Ihumwa. Baada ya tamasha tutazungumza. Nimekubali kuwa ni ugonjwa, mimi si mjinga. Lakini ikiwa uvimbe ndio uliokuwa unapiga ngoma miaka hii minne, basi nipige nao mara moja ya mwisho mbele ya watu. Baadaye mtanikata, nitarudi kuwa mwanamke wa tatu kutoka kushoto.

Jana nimefanya mazoezi. Usiniulize kipimo.

Zipora


Dodoma
21 Agosti 2024

Shangazi,

Sikusalimii leo. Samahani. Shikamoo.

Umenifundisha mwenyewe, mficha maradhi kilio humfichua. Ulinipiga viboko viwili kwasababu sikuijua maana yake. Sasa naijua. Nimeona wiki iliyopita mama mmoja ameletwa na uvimbe kama wako, alikuwa amenyamaza nao, presha ikapasua mshipa wa kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Mimi ndio nilie mfunika shuka.

Unataka kupiga mara ya mwisho mbele ya watu. Haya. Fikiria umeinama Ihumwa, vikundi tisa vinakuangalia, moyo unakimbia, unaanguka juu ya ngoma yako. Unajua watafanya nini? Watapiga vigelegele Shangazi. Watadhani imekupanda. Utakufa na wao wanashangilia, na Restuta atakua anashangilia kuliko wote, mpaka aone hauamki.

Mama aliponiacha nina miaka mitatu hukuwa mpigaji wa muheme maarufu. Ulikua mwanamke wa tatu kutoka kushoto na ulinibeba mgongoni. Sikukupenda kwa sababu ya ngoma. Kama hauji nitakuja kukuchukua na Dk. Munir na Khamisi na basi lake lote na abiria ndani.

Nakupenda. Nina hasira. Sahihisha utakavyo.

Evelina


Dodoma
1 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kovu linaendeleaje? Unatembea asubuhi na jioni kama tulivyokubaliana? Baba amesema kwenye simu (samahani, alipiga yeye) kwamba umeanza kuwagombeza mbuzi, nikajua umepona.

Ulipotoka wodini tarehe 18 sikukusimulia yote, maana ulikuwa bado mchovu. Nakusimulia sasa.

Siku ile ya Agosti ulipotokea mlangoni kwangu na begi lako, bila kunijibu barua, bila neno ila "Kitanda kiko wapi?", nilijifungia jikoni nikacheza. Nilidhani hunioni. Kumbe uliniona dirishani, nesi ameniambia umeshaitangazia wodi nzima.

Upasuaji wa tarehe 11. Niliruhusiwa kusimama pembeni. Uvimbe ulikuwa kwenye tezi ya kushoto, ukubwa wa limau. Kila daktari alipougusa tu, presha yako ilipaa kwenye mashine, akasubiri, ikashuka, akaendelea. Kugusa na kusubiri, saa tatu nzima. Nilikuwa nahesabu kama wewe unavyohesabu mapigo. Kisha wakafunga mshipa wake na kuutoa. Mtu wa dawa ya usingizi akasema, "Umetulia." Sikujua kama anazungumzia moyo wako au mimi.

Halafu kuna jambo la mchana ule. Dk. Munir alinipa kimashine cha sukari, akaniambia nikupime kila nusu saa. Nikamuuliza kwa nini, si uvimbe umetoka? Akasema, pima. Saa saba ulikuwa 8.1. Saa saba na nusu, 5.0. Nikaandika A daftarini mwako, kubwa, nikataka kukuamsha nikuonyeshe. Saa nane, 2.3! Jasho lilikutoka usoni, mdomo unacheza. Nikapiga kelele. Walikuwa tayari na glukosi, wakakuwekea kwenye mshipa, baada ya dakika chache ukafungua macho ukaniuliza kwa nini nimevaa kofia ya mvua ndani ya nyumba.

Nimejifunza kitu ambacho sitakisahau. Kongosho lako lilikuwa limezibwa mdomo miaka minne. Mlango ulipofunguliwa, insulini yote ikatoka mbio kama wanafunzi kengele ya mwisho ikilia. Ikazidi. Ndiyo maana wanapima. Kesho yake ilitulia, na tangu siku hiyo hujameza kidonge cha sukari hata kimoja. 5.4, 5.9, 5.2. Jipe alama mwenyewe, mimi machozi yananizuia.

Najua kwamba Ihumwa walipiga bila wewe. Najua ile Jumamosi uligeukia ukutani. Nisamehe kwa hilo. Dk. Munir amesema mwezi wa Novemba unaweza kujaribu ngoma, taratibu. Ukijaribu, niandikie. Hata kama ni habari mbaya.

Mwanao,
Evelina


Chibelela
12 Novemba 2024

Mwanangu Evelina,

Mbukwenyi, daktari wangu! Sisi wazima kabisa. Mvua imenyesha mara mbili na baba yako ameshaanza kulima kwa maneno.

Kwanza ile barua yako ya Agosti. Nimeitafuta nikaikuta chini ya godoro. Ina makosa mengi sana, "kwasababu" umeunganisha, "nilie mfunika" umetenganisha. Nilichukua kalamu nyekundu. Nikakaa nayo mkononi, nikairudisha mahali pake. Hiyo haisahihishwi.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi nilikwenda mazoezini. Wiki nzima nilikuwa na hofu, sikukuambia. Restuta alikuwa ameniwekea ngoma yangu mahali pangu, ameipasha moto ngozi, ameifuta vumbi. Nikafunga kitenge, nikaibana mapajani, nikainama. Nikasubiri.

Hakuna kilichokuja. Moyo umekaa mahali pake kama mtu aliyeketi kwenye benchi. Mikono inapiga, mimi niko palepale, nawaona kuku, namwona mke wa mchungaji anamnyonyesha mtoto. Jamani, nilitaka kulia! Nikasema basi, Zipora, ndiyo yamekwisha, umebaki mwalimu mstaafu na ngozi ya mbuzi.

Halafu nikasikia ngoma ya Restuta.

Evelina, miaka minne sikuwahi kuisikia! Nilikuwa sisikii kitu ila moyo wangu masikioni. Ana namna ya kuchelewesha kidogo pigo la mwisho, tamu sana, halafu yule wa nyuma yake analijibu, halafu mwingine. Walikuwa wanazungumza muda wote huo. Mimi nilikuwa nafuata moyo unaokimbia, na wanawake sita wananifukuza kwa nyuma hawanifikii, na watu wanapiga vigelegele. Nikapunguza mkono. Nikamwacha Restuta amalize pigo lake. Nikajibu. Weee! Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyesimama. Tumepiga mpaka jua limefika kwenye paa la kanisa, na mimi sikuchoka, nilikuwa nataka tu kusikia wanasema nini tena.

Tulipoziweka ngoma chini, Restuta alikuwa anafuta macho kwa kitenge. Nikamuuliza, "Ndiyo, sema, nimekuwa wa kawaida?" Akanishika mkono, na unajua Restuta si mtu wa kushika mikono. Akasema, "Zipora, leo umetusubiri."

Nimefika nyumbani, nimejipima. 5.3, na ni Jumamosi. Nimekula ugali wa uwele na mlenda, nikaongeza, baba yako akanisogezea bakuli.

Mama yako,
Zipora